Jiwe Katika Mkono wa Kushoto

Lovere, 3 Septemba 1523

Kwa Fundi Fermo Zambelli, mchoraji, Brescia.

Picha imefika juzi kwa gari la ng'ombe, haina mkwaruzo. Seremala ameiegemeza ukutani katika kanisa dogo la Chama cha Toba, ikisubiri sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, tarehe thelathini. Ningependa kukusifu, maana rangi ni nzuri. Lakini nimeitazama asubuhi mbili mfululizo, na nimeona mambo ambayo sikuyaagiza.

Picha hii ni kumbukumbu ya marehemu kaka yangu Girolamo, aliyepewa jina la mtakatifu huyo. Katika mkataba niliandika: "Mtakatifu Yeronimo, kama ilivyo desturi." Kwa mtu aliyesoma, desturi ni mzee aliyeketi chumbani mwake na vitabu, kalamu na wino, na simba amelala miguuni. Wewe umeniletea mzee nusu uchi jangwani, amepiga magoti, anajipiga kifua kwa jiwe mpaka damu inatiririka. Kwa nini jiwe?

Na kwa nini amelishika kwa mkono wa kushoto? Nimewaona Yeronimo wengi Bergamo na Venisia. Wa kushoto sijamwona hata mmoja.

Simba naye yuko nyuma kilimani, amebebeshwa kuni, na mbali zaidi kuna wafanyabiashara wanaondoka na punda. Fuvu limegeuzwa, linamkodolea macho anayetazama picha. Kofia nyekundu imetupwa chini. Juu ya mwamba kuna mjusi.

Nataka maelezo ya kila kimoja, na jina la aliyekushauri. Mtu hachori vitu kama hivi bila kuambiwa.

Oliviero Buzzoni,
mwandishi wa hati


Brescia, 6 Septemba 1523

Kwa Mheshimiwa Bwana Oliviero Buzzoni.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipoimaliza nikakaa. Miaka ishirini na mbili ninachora watakatifu, na hii ni mara ya kwanza kuulizwa habari za mjusi.

Tuanze na jiwe. Umeandika "kama ilivyo desturi," na mahali ulipotaja ni kanisa la Chama cha Toba. Bwana wangu, wale ni watu wanaojichapa mijeledi mgongoni kila Ijumaa Kuu! Ningewapelekea mzee anayesoma vitabu, wangenicheka mpaka Brescia nisikie. Wasomi hupewa Yeronimo wa vitabu, na wenye kutubu hupewa Yeronimo wa jiwe. Hiyo ndiyo desturi ninayoijua, na baba yangu aliniachia kiolezo kimoja cha kila aina.

Mkono sasa, na hapa usiudhike, maana kosa ni lako. Mwezi wa Aprili nilikuuliza dirisha la kanisa liko upande gani. Hatuwezi kuchora mwanga unaotoka kushoto wakati jua lenyewe linaingia kulia. Picha itaonekana kama imeibwa kanisa jingine. Ulinijibu: kulia. Kiolezo cha baba kina mwanga wa kushoto. Basi nikafanya wanavyofanya mafundi wote. Karatasi ile imetobolewa kwa sindano kufuata mistari. Nikaigeuza nyuma mbele, nikapigapiga unga wa mkaa juu ya matundu, na mzee akatokea ubaoni, mwanga kulia. Mkono nao ukageuka pamoja naye. Ningeweza kuurekebisha, lakini kifua kilikuwa kimekaa vizuri sana, nikauacha. Mke wangu alisema, "Fermo, mtakatifu wako ni mashoto." Nikamwambia, "Huko jangwani nani anamwona?"

Kisa cha simba hata watoto wanakijua. Yeronimo alimtoa mwiba mguuni, simba akabaki kwa watawa, akapewa kazi ya kumchunga punda. Siku moja akasinzia, wafanyabiashara wakapita wakamwiba punda. Simba aliporudi peke yake, watawa wakasema: umemla. Simba hana mdomo wa kujitetea. Wakambebesha kuni badala ya punda, mpaka ukweli ulipojulikana. Nilimweka kilimani kwa sababu pale palikuwa patupu.

Fuvu linatukumbusha kwamba tutakufa, na linamtazama kila mtu, si wewe peke yako. Kofia ni ya ukardinali, heshima za dunia alizoziacha. Mjusi hutafuta jua, kama roho inavyomtafuta Mungu; na kusema kweli, amekalia mahali ubao ulipopasuka kidogo.

Hakuna aliyenishauri. Aliyenifundisha ni baba, naye ni marehemu.

Fermo Zambelli


Lovere, 9 Septemba 1523

Fundi Fermo,

Umejibu vizuri mno. Mtu asiye na la kuficha hajibu vizuri hivyo.

Unasema dirisha. Sikia basi. Nilipokuwa mtoto mwalimu wangu alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mshipi, miaka minne, mpaka kalamu ikazoea kulia. Tangu hapo hakuna aliyeuona mkono huo ukifanya kazi yoyote. Aliyejua ni kaka yangu, naye yuko kaburini. Leo naukuta kanisani, mkubwa kuliko wangu, umeinuliwa, na watu wote wa Lovere watapiga magoti mbele yake. Na wewe unaniambia ni dirisha?

Kisha jiwe lenyewe. Ni jeupe, bapa, na mshipa mwekundu umelikata katikati. Ningelitambua popote. Pale chini ya barabara ziwa lina kina, hakuna mpiga mbizi anayefika. Nani amelitoa huko? Nani amelileta kwako ulione?

Na simba wako anayesingiziwa. Mji huu una mtu mmoja gerezani, na hakuna asiyejua ninasema nani. Unataka watu waanze kuulizana wafanyabiashara ni akina nani?

Nimeambiwa una dada hapa, Agnola, mjane anayeuza mishumaa mlangoni pa kanisa. Mdomo wa mjane wa mishumaa naujua. Mwambie aufunge. Nawe ukumbuke kwamba siku hizi, kwa uzushi unaotoka Ujerumani, mchunguzi wa imani pale Brescia anapenda sana kusikia habari za mafundi wanaowachezea watakatifu. Mtakatifu anayetubu kwa mkono wa shetani: ataipenda hiyo.

Nijibu haraka, na ujibu ukweli.

O. B.


Brescia, 11 Septemba 1523

Agnola dada yangu,

Hamjambo huko? Nta imepanda bei huku. Kama unayo weka, usiuze.

Nakuuliza jambo na unijibu kama ulivyokuwa unamjibu mama, bila kuzunguka. Umemwambia nini mtu yeyote kuhusu mwandishi Oliviero na mimi? Ulipokuja Pasaka ulikaa karakanani siku nzima ukichekacheka na mke wangu, na kiolezo cha Yeronimo kilikuwa mezani. Uligusa kitu? Ulisema kitu? Sikushtaki, nauliza tu.

Halafu huyo kaka yake alikufaje? Kwenye mkataba kumeandikwa "aliyefariki ghafla," nikadhani ni homa au samaki mbovu. Na nani yuko gerezani?

Barua hii usimsomee mtu. Ikiwezekana ichome.

Fermo


Lovere, 14 Septemba 1523

We Fermo,

"Sikushtaki, nauliza tu"! Hivyohivyo ndivyo ulivyoniuliza nani amekula zile njugu za chestinati, na wewe ndiye uliyezila. Sikugusa karatasi yako. Kama ningetaka kuharibu picha, ningemchorea mzee wako pua ya baba.

Kumbe kweli hujui? Unachora kumbukumbu ya mtu na huulizi amekufaje! Girolamo Buzzoni aliuawa Februari, kwenye barabara ya juu ya ziwa. Alipigwa jiwe kichwani. Kinyozi aliyemwosha, ambaye ndiye tabibu wetu, anasema pigo liko upande wa kulia, karibu na jicho, kwa hiyo aliyempiga alikuwa amesimama mbele yake, wanazungumza. Watu wa hakimu walitafuta jiwe siku tatu hawakuliona. Sasa hakimu anasema labda lilikuwa rungu, labda gongo, hajui hata mwenyewe.

Gerezani yuko Tonolo mwenye nyumbu wa mizigo. Tonolo huyuhuyu wa mtaani kwetu, aliyekubeba mgongoni ulipotumbukia kwenye shimo la chokaa. Alikuwa anampeleka Girolamo kwa hakimu asubuhi ile. Nyumbu alilegea chuma cha kwato, Tonolo akabaki nyuma kumtengeneza, Girolamo akatangulia kwa miguu. Tonolo akarudi mjini na nyumbu mtupu akipiga kelele. Watu wakasema: amemuua yeye. Girolamo alikuwa na maneno ya kumwambia hakimu, na wanaosema chini chini wanasema yalimhusu mdogo wake na hati fulani. Lakini huyo mdogo ndiye mwandishi wa mji. Nani atamwandikia mashtaka?

Jana Comina, mke wa Tonolo, alikuja kuchukua mshumaa. Nikamwambia chukua bure. Akasema, "Shangazi Agnola, nikiwasha mshumaa, Mungu anaona mwanga au anaona jina?"

Tonolo hakiri. Hakimu amempa mpaka baada ya sikukuu ya Mathayo. Tarehe ishirini na mbili watamtundika kwa kamba, mikono nyuma, mpaka aseme. Unajua watu huwa wanasema nini wakiwa kwenye kamba. Husema lolote.

Na yule mwandishi amebadilika. Kila siku yuko mbele ya picha yako, mlango umefungwa. Jana alinisimamisha: "Kaka yako anakuandikia sana?" Nikamjibu, "Bwana, kaka yangu hukumbuka ana dada akitaka kitu." Akacheka kwa meno tu.

Sasa nakuuliza mimi. Kwa nini unauliza? Una kitu, Fermo? Kama una kitu, kilete kabla ya tarehe ishirini na mbili.

Agnola


Brescia, 17 Septemba 1523

Agnola,

Sina kitu. Niliuliza kwa sababu mteja anasumbua juu ya rangi, nikataka kujua ni mtu wa aina gani. Basi.

Nasikitika kwa Tonolo. Lakini mahakama ni mahakama, wao wanajua wanachokijua, na sisi ni watu wa mishumaa na brashi. Usisimame na Comina mlangoni muda mrefu, watu wanaangalia. Nami nafikiri barua zetu zinafunguliwa njiani. Muhuri wa yako ulikuwa umekaa upande. Usiniandikie tena mpaka nikuandikie.

Fermo


Brescia, 17 Septemba 1523

Kwa Mheshimiwa Bwana Oliviero.

Nakuapia kwa Yeronimo mwenyewe kwamba hakuna mtu aliyeniambia neno. Jiwe ni lile ninalolaza juu ya karatasi zisipeperuke. Nililiokota mwenyewe mtoni hapa Brescia, na kule mtoni yamejaa.

Ili moyo wako utulie, baada ya sikukuu nitakuja kwa gharama yangu nihamishe mkono, nimlaze simba miguuni, na nifute wafanyabiashara. Mjusi nitamwacha au nitamwondoa, upendavyo. Mambo mengine uliyoyaandika kwa hasira nimeshayasahau, na dada yangu hajui lolote.

Mtumishi wako,
Fermo Zambelli


Lovere, 20 Septemba 1523

Rafiki yangu Fermo,

Nisamehe. Msiba humfanya mtu aone nyoka kwenye kamba ya kisima. Kaka yangu alinilea, na tangu afe silali.

Picha yako ni nzuri kuliko zote za bonde hili, na nimewaambia hivyo wazee wa Chama. Usisubiri sikukuu ipite. Njoo sasa, kabla ya tarehe thelathini. Ukae kwangu, si kwa dada yako, nyumba yake ni ndogo. Tutapanda pamoja ile barabara ya juu nikuonyeshe ziwa, nawe uone mawe ya huku kwetu yalivyo.

Ninakutumia jibini mbili na samaki wa kukaushwa. Ukija, niletee barua zangu zote mbili pamoja na hii. Nina kawaida ya kutunza maandishi yangu mahali pamoja. Usimpe mwingine azibebe.

Oliviero


Brescia, 23 Septemba 1523

Agnola dada yangu,

Aliyekuletea kifurushi hiki ni mke wangu mwenyewe, mlishe, amesafiri kwa nyumbu siku mbili. Ndani kuna barua tatu za mwandishi. Usizisome barazani. Zipeleke kwa hakimu, mkononi mwake, wala si kwa karani, maana makarani wote walifundishwa kazi na Oliviero.

Mwambie hakimu asome ile ya pili. Kuna jiwe mle. Anaeleza lilivyo na lilikotupwa. Kuna pia mkono wa kushoto, na pigo la upande wa kulia kutoka mbele ni la mashoto. Na mwambie hivi: mimi nilikuwa sijui hata kama marehemu alipigwa jiwe. Nilichora jiwe la karakanani kwangu, nikageuza karatasi kwa sababu ya dirisha. Mengine yote ameyasema yeye, kwa mwandiko wake, na muhuri wake uko hapo chini.

Jana jibini zilifika. Mke wangu alikata moja, nikamwambia tema. Tulikaa tunaitazama ile jibini kama wajinga. Ndipo nikamsomea barua ya mwisho, ile ya kunitembeza barabara ya juu, na yeye akasema, "Fermo, huyu mtu atakuua, na wewe utakwenda umevaa nguo nzuri." Naogopa, dada. Naogopa mchunguzi wa imani, naogopa barabara, na hata anayebisha mlango namwogopa. Lakini nimepeleka. Tafadhali niambie sijachelewa.

Fermo


Lovere, 4 Oktoba 1523

Fermo,

Nilifika kwa hakimu tarehe ishirini na tano, na mkeo nyuma yangu kama askari. Karani akasema, "Mama, mishumaa huuzwa nje." Nikamwambia, "Leo nauza ndani." Hakimu alisoma ile barua ya pili mara mbili, kisha akauliza, "Nani mwingine ameona hii?" Nikasema Mungu na kaka yangu, kwa zamu.

Walimkuta Oliviero kanisani baada ya chakula cha mchana, mlango umefungwa kwa komeo. Walipouvunja alikuwa juu ya benchi ana kisu cha kuchongea kalamu, anakwangua mkono wa mtakatifu. Alikuwa amefika kwenye vidole. Kisu kilikuwa katika mkono wake wa kushoto, na hakukigundua hata walipomshusha chini; alikuwa bado anauliza, "Nani amemwambia? Nani amemwambia?" Amepelekwa Venisia. Hati iliyomgombanisha na kaka yake imepatikana kwenye sanduku lake, ameifoji vibaya mno kwa mtu mwenye sifa kama zake.

Sikukuu tuliifanya na picha ilivyo. Wazee wa Chama wanauliza utakuja lini kutengeneza mkono. Nimewaambia sijui.

Tonolo ametoka. Umeniuliza kama umechelewa. Walimtundika tarehe ishirini na mbili, kama nilivyokuandikia, na tena ishirini na tatu, kwa sababu siku ya kwanza hakusema kitu. Hakusema kitu hata siku ya pili. Kinyozi amerudisha bega moja. Lingine limekufa, mkono unaning'inia tu, na ule uliorudishwa haufiki mdomoni. Comina anamlisha uji kwa kijiko. Nyumbu wamemuuza, maana hawezi kufunga mizigo.

Kabla sijazipeleka nilizisoma, Fermo. Ndiyo, nilizisoma, wala sikusoma barazani. Barua ya jiwe ina tarehe tisa. Uliponiuliza Girolamo alikufaje, ilikuwa mezani kwako. Ulipoandika "sina kitu," ilikuwa mezani kwako, na yangu ya kamba ilikuwa kando yake. Nimehesabu siku kwenye vidole, nikarudia, nikidhani nimekosea. Nilikasirika mpaka nikashindwa kukuandikia wiki nzima.

Jana nilikwenda kumwona. Ameniambia nikuandikie haya, na nayaandika kama alivyosema: "Mwambie Fermo Mungu amlipe. Nilipokuwa juu ya kamba nilidhani duniani hakuna hata mtu mmoja anayenishughulikia, kumbe yeye yuko njiani."

Hajui kusoma, na Comina hajui. Nimewaambia ulituma barua zile siku ileile ulipozipata. Usinishukuru kwa hilo. Sikusema kwa ajili yako.

Agnola